Dawa Iliyonikataza Kumbeba Masika

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Yeye amenivumilia miaka yote, basi na mimi leo niwavumilie ninyi.

Nasema hivyo kwa sababu nimechoka. Wiki hii tu, hapa Beni, watu watatu wameniuliza: "Muzee, ulitumia dawa gani hata ukapona vita?" Dawa! Neno hilo hatulipi pumziko. Kidonge cha malaria ni dawa. Unga wa kuua wadudu kwenye maharagwe ni dawa. Viatu vinapakwa dawa. Mtoto akishindwa shuleni, atafutiwe dawa. Na maji yale tuliyonyunyiziwa wakati wa vita, eti risasi zisituingie, nayo tuliyaita dawa. Niliyapokea, mimi mtoto wa katekista!

Tulikuwa tukilima viazi kule Kipese. Wapiganaji walikuja, wakataka wanaume walinde kijiji, na mganga wao akatuchanja kifuani na kutunyunyizia maji yale. Kisha yakaja masharti: usile sombe, yale majani ya muhogo, usishikane mkono na mtu, usiguse mwanamke, hata mtoto wa kike. Ukigusa, dawa inakufa, na wewe unaifuata. Ndugu zangu, miezi mitatu nilikula peke yangu kama mwizi!

Ndipo binti yangu Masika, mwenye miaka sita, akashikwa na homa. Siku ya tatu akaanza kukakamaa. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa saa nne, na majirani wote walikuwa wamekimbia. Hapakuwa na wanaume wa kubeba kipoyi, machela yetu ya miti na blanketi. Nami nilifanya nini? Nilimpa mke wangu, mwenye mimba ya miezi minane, abebe upande wa nyuma, ili mimi nisimguse mtoto wangu mwenyewe! Chekeni. Mimi naona haya hadi leo.

Kwenye mteremko wa pili mke wangu aliketi matopeni.

"Papa Masika, miye siendi tena."

"Simama, mama. Tukimubeba vingine, dawa itakufa."

"Ikufe! Ile dawa njo inakuitaka papa? Mutoto anaisha, na weye uko unachunga maji!"

Nikasema, "Yesu, kama ni kufa, nife naye mgongoni." Nikamwinua Masika kutoka kwenye kipoyi, nikambeba mgongoni. Aliwaka kama jiko. Nikakimbia, mke wangu akitufuata polepole.

Kwenye kizuizi mpiganaji mmoja aliyenijua alipiga kelele: "Umeharibu dawa, muzee! Risasi itakutafuta!"

"Initafute kwa muganga wa sindano!" nilimjibu, bila kusimama.

Muuguzi alimtundikia Masika chupa ya kinini ya malaria, akanigeukia: "Siku tatu, papa! Mulikuwa munangojea nini?" Asubuhi ya pili mtoto aliomba uji, nami nikalia mbele ya watu.

Vita haikuisha kwa ajili yangu. Niliogopa risasi kama kila mtu, nikakimbia kama kila mtu, lakini nilikimbia nikiwa nimeshika mikono ya watoto wangu. Huo ndio ukombozi wangu, na ninamshukuru Mungu!

Basi msiniulize tena nilitumia dawa gani. Mtumaini Bwana, asiyekukataza kumgusa mwanao. Na kama umeacha mgonjwa nyumbani, ukingojea ishara, usingoje nimalize kusema. Inuka, umbebe, uende. Sisi tutabaki tukiwaombea mkiwa njiani.