Odessa Tillery na Wimbo wa Hosea

Wasikilizaji wapendwa, Odessa Tillery hayupo tena. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake hapa Bolden Creek, Mississippi, akiwa na miaka themanini na minane. Mimi ni Reuben Gaines, na leo sitawaletea Odessa aliyelainishwa. Angenifokea.

Alikuwa mwimbaji wa bluzi, ile ya kwetu ya zamani. Gitaa moja, kidole gumba kikipiga besi bila kupumzika, kisigino kikigonga ubao. Sauti aliirithi kwa mama yake, Vergie, aliyefua nguo za watu uani huku akiimba.

Wimbo mmoja Vergie aliutunga mwenyewe. Ulikuwa wa Hosea, kaka yake Odessa, aliyefia kwenye shamba la gereza akiwa na miaka kumi na tisa. Maiti yake haikurudishwa. Wimbo ule ndio uliokuwa kaburi lake. Shikeni hilo, wasikilizaji: Hosea hana kaburi jingine.

Akaja Lucius Pettway, mpiga gitaa. Alikula mezani kwa Vergie msimu mzima, kunde na mkate wa mahindi. "Mama, hebu imba tena ule," alikuwa akimbembeleza. Vergie akaimba. Lucius akaenda Chicago, akaurekodi. Jina la Hosea akalitoa, akaweka Rosie. Maombolezo yakawa wimbo wa mapenzi. Akawaambia watu wa magazeti kwamba aliuota.

Vergie aliusikia redioni, akiwa dukani. Akauweka chini mfuko wa unga, akasema, "Wamemuua mara ya pili." Hakuimba tena mpaka anaingia kaburini.

Odessa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tangu siku hiyo, kila Lucius alipokuja kupiga huku Kusini, Odessa aliweka kiti chake mkabala na mlango wa ukumbi, akauimba wimbo kama mama yake alivyouimba. Watu walisimama kumsikiliza. Wengine hawakuingia ndani tena. Miaka thelathini, wasikilizaji. Miaka thelathini!

Mara moja Lucius alitoka nje, jasho likimtiririka.

"Dessa, dada yangu, utanifuata mpaka lini?"

"Mtaje Hosea, nirudi nyumbani."

"Watu wanamtaka Rosie."

"Haya. Tutaonana Jumamosi, mjini Jackson."

Lucius alipofariki, binti yake, Claudine, alikuja kubisha hodi kwa Odessa. "Shangazi, baba ameacha neno. Anataka wewe uimbe mazishini." Majirani wakamwambia Odessa asiende. Yeye akacheka. "Nikose? Nitavaa na kofia yangu nzuri."

Nilikuwepo kanisani. Alisimama kando ya jeneza, akauimba wimbo wote, Hosea akitajwa kila ubeti. Kisha akaongeza ubeti ambao hatukuwahi kuusikia, wa mgeni aliyelishwa akashiba, akaondoka na mtoto wa mwenyeji. Mchungaji akainuka amzuie. Claudine akamshika mkono.

"Mwache amalize. Baba alijua anamwita nani."

Baadaye nilimuuliza Odessa kama moyo wake umetulia.

"Kidogo," alisema. "Ningependa Lucius awe hai, asikie."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Earline, mpwa wake, aliyemuuguza mpaka mwisho. Earline ameniambia hivi: "Shangazi hakusamehe. Msije mkamsamehesha nyinyi kwa sababu amekufa."

Basi tafakarini. Wimbo unaoupenda, unaouimba ukipika, ukiendesha gari, nani aliuimba kwanza akilia? Na jina lake liko wapi?

Maziko ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Wimbo utaimbwa. Anayeujua kwa jina la Rosie anakaribishwa, ila afunge mdomo wake, awasikilize wenye msiba.