Geti la Kiwanda Kwenye Karatasi ya Wageni

— Mgeni haanzi na samaki! Mgeni anaanza na jiwe!

— Jiwe analila, Nahodha? Mtu ametoka Songea, siku mbili yuko njiani, wewe unamkaribisha kwa jiwe?

— Analitazama, Mzee Mbaruku. Macho nayo yana njaa.

— Macho yako wewe. Ya mkunga yanataka sato.

Walikuwa wanagombana hivyo tangu jua halijafika kwenye benchi. Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, chini ya dirisha la gesti ya Mama Wilhelmina hapa Kirumba. Mzee Mbaruku anauza kahawa, na jiko lake halijawahi kuhama pale tangu nizaliwe. Nahodha jina lake ni Ngosha. Aliwahi kufunga kamba za kivuko kule Kigongo kwa miezi minne, lakini ukimsikiliza utadhani aliendesha meli. Wa tatu ni baba yangu, Shigela, wanayemwita Zamu kwa sababu alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka kumi na tisa. Walipunguzwa kazini mwaka juzi. Mpaka leo anaamka saa kumi alfajiri, ananawa, anavaa viatu, halafu anakaa.

Mimi ni Ng'washi, na siku hiyo ndimi niliyekuwa na daftari. Wakunga kumi na wanane wamefikia gesti. Wana mkutano wao Butimba, na Jumamosi hawana kikao. Mama Wilhelmina aliniita asubuhi, nikamwamkia, akaniambia, "Niandikie karatasi ya kuwaonyesha mji. Ikinipendeza, nitakuweka meza ya mapokezi." Niliacha shule kidato cha pili, mwaka uleule baba alipopunguzwa. Tangu hapo hakuna mtu aliyekuwa ameniomba niandike kitu chochote, hata barua. Ndiyo maana nilikuja kijiweni kuuliza wakubwa, nisikosee.

— Andika, mwanangu, alisema Nahodha. Namba moja, Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani. Wateremke mpaka palipokuwa duka la ushirika, wakate kulia kwenye mkuyu uliokatwa.

Nikaandika.

— Na uwaeleze wasiliguse. Lile jiwe ndilo limeziba. Likiteleza hata kidogo, ziwa lote linaondoka usiku mmoja linakwenda Misri.

— Nani kakwambia?

— Mimi mtu wa majini, bwana.

— Miezi minne!

— Majini hatuhesabu miezi.

Mzee Mbaruku akamimina kahawa, akampa baba kikombe cha kwanza. Kisha akanigeukia.

— Namba mbili, Mwaloni, alfajiri, samaki wakishuka. Waombe sato. Sangara wasihangaike naye, minofu yake imepanda ndege, sisi tumebakiziwa mifupa.

— Tena huko Ulaya wanakomfikisha, alidakia Nahodha, anavishwa koti kwanza. Baridi.

— Samaki anavishwa koti?

— Sasa atakaaje?

Tukacheka. Niliandika sato, koti nikaliacha. Namba tatu, wakisalimiwa "mwangaluka" na wao waitikie hivyohivyo, watapendwa. Namba nne, michembe sokoni, viazi vitamu vilivyokaushwa, ile ya Misungwi. Mzee Mbaruku alisema mkunga akiila na karanga hatasikia njaa mpaka Tanga. Nahodha akasema mpaka Mombasa. Namba tano, viboko wa Kapripointi, ambao Nahodha aliapa kwamba Jumapili hawatoki. Namba sita, fundi mzuri wa viatu, waulizie nyumba aliyokuwa anakaa Mhindi wa redio, hapohapo.

Baba alikizungusha kikombe mkononi, akasema polepole:

— Weka na geti la kiwanda.

— Kiwanda kipi, Zamu? Chako? Nahodha alicheka. Wakaangalie kufuli?

Baba hakukasirika. Alikuwa anaangalia barabara.

— Saa kumi na mbili asubuhi zamu mbili zilikuwa zinapishana pale getini. Sisi tunaoingia vichwa vyeusi. Wanaotoka wana pamba nywele nzima, weupe, hata vijana utadhani wazee. Siku yangu ya tatu akatoka mama mmoja, mweupe kichwa chote, anatembea taratibu kwa uchovu. Nikasogea pembeni kwa heshima. Nikamwambia shikamoo.

— Ehe?

— Akaitikia marahaba. Akapita. Kesho yake nikamkuta bombani amejipangusa. Msichana wa miaka ishirini!

— Mama Ng'washi? Mzee Mbaruku aliuliza.

— Huyohuyo.

Kijiwe kizima kilicheka, Nahodha akaimwaga kahawa kwenye suruali. Mimi nilikuwa nikijua tu kwamba mama akikasirika humwambia baba, "Niamkie kwanza." Sababu yake nilikuwa sijawahi kuisikia. Nikaandika namba saba, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote: Geti la kiwanda cha nguo.

Mama Wilhelmina akatoka. Akachukua karatasi, akasoma akiwa amesimama, na mimi nilikuwa natazama midomo yake.

— Palipokuwa duka la ushirika. Mkuyu uliokatwa. Nyumba aliyokuwa anakaa Mhindi. Akainua macho. Ng'washi, mtu wa Songea atavionaje vitu ambavyo havipo?

Nikamtazama Nahodha. Nahodha akamtazama Mzee Mbaruku. Mzee Mbaruku akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa machicha tu.

— Na hili geti, mgeni akifika atazame nini?

Baba akaweka kikombe chini.

— Lifute hilo, mwanangu. Nilikuwa natania.

Nilijua meza ya mapokezi iko kwenye ile kalamu. Namba saba ilikuwa mstari mmoja tu, kuufuta ni mara moja. Lakini nilikuwa nimemwona baba akicheka, na sikukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

— Silifuti, mama. Samahani. Ni kweli peke yao hawatafika. Lakini baba alikuwa anatembea kwa miguu kila siku toka Kirumba mpaka kiwandani. Anajua kila kitu kilipokuwa. Akiwa nao, wataviona.

Mama Wilhelmina alimgeukia baba.

— Baba Ng'washi, dirisha langu liko hapo juu, nimesikia. Kweli ulimwamkia?

— Kweli.

— Na akaitikia?

— Bila hata kugeuka.

Akajizuia kucheka, akashindwa. Alikunja karatasi yangu mara mbili, hakuichana, akaiweka kwenye mfuko wa gauni. Nahodha akaanza kueleza kwamba wageni wengi hivyo watahitaji pia mtu wa majini, lakini Mama Wilhelmina alikuwa hamsikilizi, alikuwa ameshafika mlangoni. Akashika kitasa, akatugeukia mimi na baba.

— Jumamosi, zamu ya saa moja asubuhi. Mje wote wawili.