Mkono wa Jembe Haukuwa wa Ojera Peke Yake

Padre, mama yetu mzazi Aciro, wazee wa ukoo mliosafiri kutoka Lira, majirani wa hapa Luzira, wenzake wa kazi, na ninyi nyote mliokesha nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome habari za maisha yake kabla hatujaanza safari ya kumpeleka nyumbani Lira, na naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa kuwa ipo sehemu ambayo si nyepesi kuisoma.

Ndugu yetu Celestino Ojera alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 katika kambi ya polisi ya Nsambya, mtoto wa kwanza wa hayati Sajini Ogwal na Mama Aciro, akakulia katika nyumba zile za safu ambamo Kilango, Kiganda na Kiswahili vilisikika mlango kwa mlango. Alisoma shule ya msingi kambini, akamaliza kidato cha sita hapa Kampala mwaka 1997, kisha akaingia chuo cha ufundi na kupata stashahada ya umeme mwaka 2000, jambo ambalo halikutushangaza, kwani tangu utoto alikuwa akifungua kila chenye skrubu, hata redio ya baba aliifungua siku moja na kuifunga tena vizuri kabisa, ila tangu siku hiyo ikawa inashika muziki wa Kongo tu, na baba akaishia kuupenda.

Mwaka 2001 aliajiriwa kuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha plastiki, na tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Moreen katika kanisa kuu la Lubaga, Mungu akawajalia mapacha, Apio na Ocen, waliozaliwa tarehe 3 Juni 2011, ambao leo wameketi hapa mbele na mama yao.

Mwaka 2015 alijiunga na karakana ya pamoja iliyo kando ya barabara ya kushuka Port Bell, ambako watu wa kazi mbalimbali hutumia kwa zamu mashine zinazoongozwa na kompyuta, za kukata mbao kwa leza na za kuchapa vitu vya plastiki tabaka juu ya tabaka, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba mchoro wa kitu chochote kilichobuniwa pale uachwe wazi, ili mwingine auchukue, autengeneze zaidi, naye aurudishe. Hapo ndipo ulipozaliwa mkono wa jembe, kifaa kinachovaliwa kwenye kigutu na mtu aliyepoteza kiganja, kikalishika jembe barabara hata akalima. Ninyi mliosoma magazeti mnajua kwamba ni uvumbuzi wa Ojera. Familia inasema leo, kwa aibu, kwamba si kweli.

Mchoro wa kwanza aliuchora mwenzake wa karakana, Lanyero, ambaye kaka yake alipoteza mkono katika vita vya kaskazini, mikanda aliibuni Fahim, ambaye jamaa zake wanauza mikoba na viatu mjini, na Ojera alitafuta aina ya plastiki isiyopasuka juani, kazi nzuri, lakini ilikuwa theluthi tu ya kazi. Mwezi Agosti 2018 wenzake walimtuma akawawakilishe katika maonyesho, mgeni wa heshima akamuuliza mbele ya kamera, "Nani amebuni hiki?" naye akajibu, "Mimi." Alituambia baadaye kwamba neno lilimtoka kabla hajafikiri, watu wakapiga makofi, na kila siku iliyopita bila yeye kulirekebisha ilifanya liwe gumu zaidi. Mwaka uliofuata alisajili kifaa kwa jina lake, akafungua kampuni, na wakili wake akaenda karakanani kuwakataza wenzake wasikitengeneze tena. Lanyero alimfuata hapa nyumbani akamwambia, "Ojera, hii kitu ni yetu sote, wewe mwenyewe unajua," naye akamjibu kwamba sheria ni sheria, nasi ndugu zake tuliokuwa tunakula mezani tukaendelea kula.

Mwezi Mei 2022 alifika hapa mama mmoja mkulima, Adyero, ametoka Lira kwa basi, mkono wake wa jembe umepasuka kwenye kifundo katikati ya msimu wa kupanda. Alikuwa ameanzia karakanani, ambako Lanyero alikuwa amekwisha kuugundua ufa huo na kuchora kifundo kipya kisichopasuka, lakini hakuruhusiwa kukichapa. Adyero alimwambia marehemu, "Wale wako na dawa ya hii kitu, lakini wanasema wewe umefunga mlango. Kwa nini umefunga?" Ojera akampa kifaa kingine kilekile chenye ubovu uleule, akamwomba asiwaeleze watu, na mama yule akarudi kwake, ambako kifaa kilipasuka tena kabla ya mavuno.

Alianza kuugua figo mwezi Januari 2024, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu, na mwezi Oktoba aliomba nimpeleke karakanani, nikamshika mkono hadi ndani. Aliomba msamaha akilia, na Lanyero akamsikiliza amesimama, kisha akasema, "Mimi sitaki machozi yako. Fungua mlango kwanza, halafu tutaongea." Tarehe 17 Februari 2025 aliachia haki zote za kifaa kile, michoro ikarudi karakanani ikiwa na majina ya wote watatu, jina lake likiwa la mwisho kama alivyotaka mwenyewe, na kabla ya mvua za Machi Adyero alipelekewa mkono wenye kifundo kipya, ambao anaulimia mpaka leo. Je, waliongea? Waliongea mara mbili, na waliyozungumza ni yao.

Aliaga dunia tarehe 6 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameagiza kwamba haya yote yasomwe. Baadhi yetu tulikataa, tukasema mambo ya nyumba hayasomwi mbele ya watu, hadi mama akatuuliza, "Yeye alisema mwenyewe. Sasa nyinyi munamfunga mdomo kwa sababu amekufa?" Ndipo tukaketi kuyaandika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani mliotuletea maji, kuni na viti bila kuitwa, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani. Ninyi wa karakana, tuliwaona mkikaa nyuma kabisa karibu na lango, tukatuma mtu awaite mkae na familia, na Lanyero akajibu kwamba mmekuja kuzika, hamkuja kutafuta viti. Tumelipokea jibu hilo, hatuwaombi mseme neno jema juu yake, tunawaomba tu kesho mshike jeneza pamoja nasi, kama mioyo yenu itakubali.

Kaka Ojera, uliyoagiza yasomwe yamesomwa. Pumzika kwa amani.