Jumba la Picha Juu ya Mto Nairobi

Benchi letu liko Granville, hapa Sydney, mbele ya duka la unga na viungo, na kila Jumamosi asubuhi hatuliachi mpaka kahawa ya Faida iishe. Faida ni wa Tanga, anatunza wazee, na hapa jina lake ni Mama Chupa, kwa ajili ya ile chupa yake ya kahawa. Cheruiyot tunamwita Mchambuzi kwa sababu hakuna asilolijua. Mzee Douglas ndiye Nguzo, na Jumamosi hiyo alikuja na ramani yake ya jengo imeviringishwa. Anahamia kwa binti yake, huko Campbelltown. Chumba atakachopewa ni kidogo, na vitu vya kutupwa ameshavirundika nje ya nyumba yake, kaunsili ya mji ije kuvizoa. Ramani nayo ilikuwa inakwenda kwenye rundo hilo. Aliileta tuiage tu, na mimi nilimkasirikia.

Akaikunjua magotini mwetu. Jumba la maonyesho ya picha, nguzo kumi na mbili za Kigiriki, paa la pembetatu, limevuka Mto Nairobi ng'ambo hadi ng'ambo kama daraja. Alilichora chuoni mwaka 1986.

— Hii ilizuiwa na siasa, bana, Mchambuzi alianza. Kuna mkubwa alitaka ipewe jina la mama yake.

— Sasa hapo ubaya uko wapi? Mama Chupa akauliza.

— Mkubwa mwingine pia alikuwa na mama.

— Mimi nasema Wagiriki waliandika barua, wanadai nguzo zao, Mama Chupa akadakia.

— Wacha hizo! Hii plan iliibwa. Wakaileta hapa Sydney, wakaipindua juu chini, ikawa lile jumba lao la Opera House.

— We Mchambuzi, Opera House ilikuwepo kabla Nguzo hajaanza chuo!

— Si ndio ujue hao watu ni wajanja!

Nguzo alicheka mpaka akajifuta macho.

— Hakuna aliyeizuia, alisema. Mwalimu aliniambia niitunze, iko siku itaulizwa. Nikaja huku kusoma, miaka miwili tu.

Sote tulikuja kwa miaka miwili tu.

Hapo akatoka dukani Abigail, mwanafunzi wa unesi, hajamaliza hata mwezi tangu atoke Nairobi. Akaweka mfuko wa unga chini, akainama juu ya ramani.

— Wah, mzee, ni poa sana! Lakini hizi fremu za ndani mbona ziko tupu? Ungeweka picha gani?

Mama Chupa akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. Nguzo alipitisha kidole juu ya zile fremu, moja moja, mpaka ya mwisho.

— Nilisema nitazichagua nikirudi.

Sauti yake ilitutia uchungu. Abigail naye akabaki ameduwaa, asijue amekosa nini.

Nguzo aliiviringisha ramani taratibu, akaifunga kamba, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Kisha akashika njia ya stesheni, kwenye treni ya kwenda kwa binti yake, ameikumbatia. Nyumba yake na lile rundo viko upande wa pili.