Kamba ya Saba ya Fundi Cassien Hakizimana (1926–1992)

Ndugu mliofika Kagarama leo Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1992, na ninyi mliosimama kule kwenye migomba kwa kuogopa, sogeeni. Marehemu haumi. Mimi ni Mukandayisenga, dada yake mkubwa. Shule sikuiona, nimesema, na mjukuu wangu Ihirwe ameandika.

Cassien Hakizimana alizaliwa kilima hiki hiki mwaka 1926, kwa karatasi ya padri. Mama alisema ilikuwa miaka miwili kabla ya njaa ya Rwakayihura, na kwamba mtoto alitoka mrefu hata mkunga akauliza kama ni mmoja au wawili wamefuatana.

Alisoma miaka miwili kwa mapadri. Namba zikamshinda, wakamrudisha. Mwaka 1940 akashuka mjini, mtaa wa Biryogo, kwa fundi Rajabu, mshona kanzu, ambaye naye hakujua namba. Rajabu alimfundisha kupima kwa kamba. Kila mteja alikuwa na kamba yake ya katani: fundo la bega, fundo la mkono, fundo la kiuno, na kamba nzima ni urefu wa mtu, utosi hadi kisigino. Zilining'inia ukutani, kila moja na msumari wake. Hivyo alifanya kazi miaka hamsini na mbili, na hakuna aliyewahi kurudi akisema suruali imembana.

Mwaka 1951 alifunga ndoa na Mukankusi. Alipompima gauni la harusi alitumia mikono, akidai kamba amezisahau. Mukankusi akamwambia, "Fundi, pima tena, hapo umekosea." Walipata watoto wanne.

Mwaka 1962, kabla ya sherehe za uhuru, wakubwa saba kati ya walioanzisha nchi walishona suti kwake. Vitabuni hamtayakuta haya. Mmoja aliyenguruma jukwaani kama simba aliogopa pini, akapimwa mkewe akimshika mkono. Wawili walikuwa na koti moja. Mmoja akihutubia, mwenzake anabaki nyumbani na singileti, anamsikiliza redioni. Na mmoja, ambaye kwenye picha amesimama mrefu kuliko wenzake, kamba yake ndiyo ilikuwa fupi kuliko zote. Aliomba suruali ishuke hadi chini, ifunike visigino virefu vya viatu. Marehemu alitunza siri hiyo miaka thelathini. Mimi sikumwahidi mtu kitu.

Sasa ugonjwa. Juni mwaka huu ofisi moja ya serikali huko Kacyiru ilitangaza kwamba mwenye kitu cha siku za uhuru akilete, kiwekwe kwenye maonyesho. Cassien alizifunga kamba sita za wakubwa hao katika kitambaa cheupe, akaenda kwa miguu na koti lake la kanisani. Aliyesimamia maonyesho, Bwana Nsabimana, akauliza hii ni ya nani, na hii. Marehemu akamtajia wakubwa, mmoja mmoja, kwa fahari. Nsabimana akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mzee, kwa nini umewafunga wakubwa?"

"Sikuwafunga, bwana. Niliwapima."

Mtu aliyesoma mpaka Ulaya, akaona mafundo akaona uchawi. Akaita askari. Kamba zikamwagiwa mafuta ya taa, zikachomwa uani. Ndugu yangu akalala siku tatu kwenye kasho la polisi, juu ya saruji, mzee wa miaka sitini na sita. Alitoka na kikohozi. Alikuta duka halina mteja, kwa maana nani atavaa suruali ya mchawi? Na ninyi wa migombani, suruali hizo mlizovaa alishona nani?

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Novemba, saa kumi jioni. Daktari ameandika kifua. Mimi ningeandika Nsabimana.

Huyo bwana ametuma shada la maua. Shada halisemi "nimekosa", kwa hiyo nimempa mbuzi wangu alile. Mbuzi huyo amefungwa miaka kumi kwa kamba ya saba. Cassien alinipa mwenyewe, akachagua ile fupi kuliko zote, akasema kwa mbuzi inatosha. Kama kamba hizi zingekuwa na uchawi, mbuzi wangu leo angekuwa waziri.

Jana seremala Kalisa alikuja kupima jeneza, nikamfungulia mbuzi, nikampa kamba hiyo. Aliivuta kutoka utosini kwa ndugu yangu. Haikufika miguuni. Ilipungua shibiri nzima. Kalisa aliipima mara mbili mbele ya padri, halafu akaenda kuongeza ubao.

Ameacha mjane, Mukankusi. Watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja. Mimi dada yake. Na cherehani moja ambayo bado inafanya kazi. Anayesema alikuwa mchawi, kamba ninayo hapa mkononi, aje nimpime.

Alale kwa amani, fundi wetu, kwa urefu wake wote.