Mama Fidelia Mlowe na Ukuta Unaojijenga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Fidelia Mlowe anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Mabasi ya Baridi Njema kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi mnamfahamu kama Mkuu wa Kitengo cha Mifumo pale makao makuu, Njombe. Sisi wa stendi ya Makambako tunamfahamu kama mtu wa kwanza kupigiwa simu kila abiria aliposema, “Dada, mtandao wenu unasumbua.”

Alizaliwa Uwemba, akasoma kwa masista hukohuko, kisha akaajiriwa kama karani wa tiketi. Enzi hizo kiti kilikuwa kikiuzwa Njombe kwa kalamu, halafu karani anapiga simu ya mezani Makambako ili wasikiuze tena. Simu ikikatika, balaa. Mpaka leo husimulia kwa kicheko habari za mchungaji na mfanyabiashara wa mbao waliouziwa kiti kimoja na ofisi mbili. Walibishana mpaka Mafinga, wakashuka Dar es Salaam wakiwa marafiki, na mwaka uliofuata mfanyabiashara yule akatoa mbao za kuezekea kanisa.

Kompyuta zilipoletwa, wengine tulizizunguka kama ng'ombe mgeni zizini. Yeye alivuta kiti akakaa. Kampuni ikampeleka chuo Mbeya, akarudi na stashahada, na tulipoingia kwenye tiketi mtandao yeye ndiye aliyeongoza kazi. Baadaye akauhamishia mfumo wetu wote kwenye seva za wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali kabisa na Njombe, ili umeme ukikatika kwetu mauzo yasisimame.

Ofisi yake ina baridi ya kupasua midomo. Julai huandika akiwa amevaa glovu za sufu alizozikata ncha za vidole. Ukimwendea na tatizo, kwanza anakukaribisha kiazi cha kuchemsha na chai, kisha ndipo anauliza, “Enhe, umegusa nini?”

Lakini simulizi ya Mama Fidelia haiwezi kukamilika bila Desemba ya 2022. Wiki ya Krismasi, kila mtu wa Njombe aliyeko Dar es Salaam anataka kupanda kurudi nyumbani. Asubuhi moja ukurasa wetu wa tiketi ukagoma kufunguka. Mtu fulani, ambaye hadi leo hatumjui, alikuwa ameziagiza maelfu ya kompyuta zilizotekwa huko duniani ziugonge ukurasa huo kwa pamoja, tena na tena. Hazikuwa na safari yoyote. Kazi ya kompyuta hizo ilikuwa kuziba mlango tu, abiria wa kweli wasipate pa kuingilia.

Fundi wetu Brayson alikuwa zamu. Akaanza kufunga njia zilizopitiwa na mashambulizi, moja baada ya nyingine, kwa mkono na kwa kukumbuka tu kichwani, huku simu tatu zikiita kwa mpigo. Katika haraka ile akafunga njia moja pana mno. Mashambulizi yakapungua, ni kweli, lakini alikuwa amewafungia nje mawakala wetu wote pamoja na abiria wanaotumia simu za mkononi. Mpaka tulipogundua, mabasi mawili yalikuwa yameondoka Dar es Salaam na viti vitupu, na watu wamejaa stendi na mabegi yao.

Miongoni mwao alikuwamo muuguzi aliyekuwa akienda Kidugala kwenye harusi ya kaka yake. Alifika siku iliyofuata, harusi imekwisha. Alipoteremka Makambako alikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu la tiketi. “Nina kaka mmoja tu,” aliniambia. “Mmenikosesha harusi yake.” Mama Fidelia alikuwa ameshuka kutoka Njombe asubuhi hiyo. Alitoka nje, akamshika mkono, akamsikiliza mpaka mwisho bila kujitetea hata kwa neno moja.

Jumatatu Mkurugenzi wetu, Mzee Fahadi, aliitisha kikao. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. “Huyu kijana aende,” alisema. “Amefunga duka siku ya soko.”

Brayson aliinamisha kichwa. Mama Fidelia ndiye aliyejibu. “Mzee, ukimwondoa Brayson utamleta mwingine, na yeye pia utamkalisha mbele ya kompyuta akumbuke vitu mia huku amechanganyikiwa. Hata mimi ningekosea. Nipe nafasi nibadilishe namna tunavyofanya kazi. Nikishindwa, niondoke mimi.”

Mzee Fahadi alikubali. “Haya, mama. Fanya.”

Akiwa na miaka hamsini na saba, Mama Fidelia akarudi kuwa mwanafunzi. Yeye na Brayson waliandika kinga yetu yote kwa msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyasoma na kuyatekeleza: ukuta upi wa kuzuia wavamizi usimame wapi, mtu mmoja aruhusiwe kugonga mara ngapi kwa dakika, mawakala gani wasizuiwe kamwe, seva ziongezwe lini, na ni dalili zipi zikionekana ukuta ujikaze wenyewe. Akaweka masharti. Hakuna badiliko linalopita kabla mwenzako hajalisoma na kabla halijajaribiwa kwenye mfumo wa mazoezi. Likipita, mitambo yenyewe inaijenga kinga kama ilivyoandikwa, na ikiharibika inaijenga upya vilevile. Mambo ya kubonyeza kwa kukumbuka yakaisha.

Kila mwezi, siku yenye abiria wachache, waliushambulia mfumo wetu wenyewe kwa idhini ya Mkurugenzi, kuona kama utahimili. Zoezi la kwanza lilimzuia Mkurugenzi mwenyewe, aliyekuwa Makambako akifungua na kufungua ukurasa wa mauzo kwenye simu yake. Akapiga simu Njombe. “Mama Fidelia, mimi nimekuwa jambazi lini?” Tulicheka wiki nzima. Wao wawili wakarudi kurekebisha msimbo.

Desemba iliyofuata, Mama Fidelia aliomba likizo ya Krismasi. Hakuwa ameiomba tangu aajiriwe. Alikwenda Uwemba kwa mumewe, Mzee Benno, na simu akaiacha kwenye mfuko wa koti, koti likaning'inia nyuma ya mlango.

Siku hiyohiyo mashambulizi yakarudi, makubwa kuliko ya kwanza. Mimi nilikuwa dirishani nikiuza tiketi na sikujua lolote, kwa sababu hakuna kilichokwama. Ukuta ulijikaza, seva zikaongezeka, mawakala wakaendelea na kazi. Brayson aliangalia tu kwenye kioo cha kompyuta, mikono kifuani, mpaka washambuliaji walipochoka wakaondoka.

Jioni Mama Fidelia alikumbuka simu yake, akakuta ripoti. Akampigia Brayson. “Mbona hukuniita?”

“Mama, hapakuwa na la kukuitia.”

Baadaye aliniambia, “Nilifurahi, Somoe, halafu nikalia kidogo. Miaka yote nilidhani nikiwapa kisogo mtaanguka.” Mzee Benno alimkuta bado ameshika simu, akamwambia chakula kinapoa. Akaenda kula na watu wake.

Brayson ndiye anayemrithi. Mzee Fahadi mwenyewe ndiye aliyelipendekeza jina lake.

Mama Fidelia, kwa niaba ya madereva, makondakta, mafundi, mawakala na sisi makarani, asante. Umetulea bila kutudharau, na ulisimama mbele yetu tulipokosea. Mungu akupe afya njema, miparachichi yako izae, na Mzee Benno akuzoee ukiwa nyumbani kila siku. Desemba ikifika sisi tutakuwa barabarani tukiwapeleka watu makwao. Wewe utakuwa umeshafika kwako. Kaa kwa amani, mama yetu.

Somoe Rehani
Ofisi ya Tiketi, Makambako