Mapokezi ya Figo

Kwenye benchi la Sikudhani muuza kahawa, pale Mwankoko, kahawa hutoka kwenye birika na uongo hutoka bure. Calist, wanayemwita Chungu, alikaa pembeni, kikombe mkononi, kashata hataki. Aliacha vitamu siku mkewe Severina alipoambiwa ana kisukari, ili asijione mpweke mezani. Sasa mpweke ni yeye. Severina yuko Dodoma kwa binti yao Sara, anatibiwa figo. Aliondoka alizeti ikichanua. Sasa mashine zimeshaanza kuikamua mafuta, na Chungu anamkumbuka mpaka kikohozi chake.

— Jamani, kuna vipokezi vya histamini kwenye figo! alisema Gerald, maarufu kwa jina la Redio, maana redio yake ya mkononi haizimwi. — Wataalamu wanavichunguza kwa wenye kisukari.

— Histamini si ile ya kuwashwa na mafua? Chungu aliuliza.

— Hiyohiyo.

— Basi figo ina mapokezi! alidakia Godfrey, aliyelazwa mara moja tu akarudi na jina la Daktari. — Damu inafika, inaandikishwa, inaambiwa ikae foleni.

— Na sukari?

— Sukari haina kadi, Chungu. Inasukuma mlango. Histamini ndiye mlinzi, anapiga filimbi, wagonjwa wanakimbia, mapokezi yanavurugika!

— Si wambadilishe huyo mlinzi! alisema Sikudhani.

Walicheka. Chungu naye alicheka, kisha akamgeukia Redio.

— Redio, dawa yake ipo?

— Bado. Wanajaribu kwa panya.

— Wamepona?

Redio alianza kuhangaika na antena ya redio yake.

Hapo akafika Agripina, binti wa kijiji cha Unyambwa, kuku kwapani.

— Shikamoo, baba Sara.

— Marahaba, mwanangu.

— Nasikia mnaongelea mapokezi. Mama Sara anarudi lini, nije tumpokee na huyu kuku?

Daktari alitazama ndani ya kikombe chake. Sikudhani aliinamisha birika. Yakatoka machicha tu.

— Sijui, mwanangu, Chungu alisema. — Ila basi la Dodoma likiingia jioni, mimi huwa stendi. Kila siku. Asije akashuka akakosa mtu.

Hakuna aliyekuwa akilijua hilo. Chungu alirudisha kikombe, akakung'uta shati, akashika njia ya stendi.